Nilimwita Fundi Mwizi, Kumbe Maji Nilimwaga Mimi

Wasee, wengi wenu mliniona mwezi wa tano nikiwa nimesimama kando ya gari ya mathe, simu mkononi, nikipiga kelele: "Elfu tisa! Elfu tisa na bado inatetemeka!" Ile video ilipata watazamaji elfu arobaini na moja. Kwa ukurasa wangu hiyo ni kama harusi. Sasa nimeifuta. Kuna wale mmeniuliza kwa nini, na kuna wale mmesema eti nimehongwa. Sijahongwa. Kaeni hapo niwaambie vile mambo yalienda, pamoja na sehemu zile nilikata.

Gari yenyewe ni Toyota 110, ya mwaka wa 1997, namba inaanza na KAQ. Mathe aliinunua kwa pesa ya bonasi ya majani chai, akaongezea na mkopo wa chama. Kama unatoka huku kwetu unajua bonasi ni nini. Ni ile pesa inaingia mwezi wa kumi, watu wanalipa karo, wanaweka mabati, na wengine wanapotea wiki nzima. Mathe yeye alinunua gari. Si ya kuringa. Kogo ana presha na magoti, na kliniki yake iko upande wa Litein. Kumpandisha kogo matatu asubuhi ya mvua, na wewe unajua mvua ya Kericho, ni kazi ya watu watatu na dua.

Kwa hivyo hiyo gari ikisimama, kogo anakosa kliniki. Hilo nilipaswa kusema kwenye video na sikusema. Nilisema tu kuhusu elfu tisa.

Shida ilikuwa hivi. Ukiendesha, gari iko sawa, ama tulidhani iko sawa. Ukisimama, mguu kwenye breki, gia iko kwa D, inaanza kutetemeka. Si kidogo. Kioo cha katikati kinacheza mpaka huoni nani yuko nyuma. Chupa ya maji kwenye mlango inalia kr-kr-kr. Siku moja tumesimamishwa na polisi pale kizuizini, afisa akaweka mkono juu ya boneti, akauliza, "Hii gari ina homa?" Mathe akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa naendesha na nilikuwa na msichana nyuma nilikuwa nimempa lifti.

Tukaenda kwa fundi. Fundi wa kawaida, kibanda cha mabati, mafuta meusi kwenye udongo, redio. Akafungua boneti. Akaniambia nikae ndani, nikanyage breki sana, niweke D, halafu R, halafu D tena. Yeye anaangalia injini. Kila nikibadilisha, injini inaruka kama ng'ombe anayekataa kukamuliwa. Akasema, "Mauntingi zimeisha."

Kwa wale hamjui, mauntingi ni zile raba zilizoshikwa na vyuma, zinaunganisha injini na mwili wa gari. Hii 110 ina nne. Injini yoyote inatetemeka, hata mpya. Kazi ya ile raba ni kumeza huo mtetemo usifike kwa kiti chako. Raba ikizeeka inakuwa ngumu, ama inapasuka, chuma inagusa chuma, na kila kitu injini inafanya unakisikia kwa matako. Kwa hivyo fundi hakuwa anabuni. Alinionyesha ya mbele imepasuka katikati, unaweza kuingiza kidole. Ya kulia nayo imelala kabisa.

Akabadilisha hizo mbili. Kila moja elfu tatu na mia tano, kazi yake elfu mbili. Jumla elfu tisa.

Tukawasha. Mtetemo ukapungua, hilo nakubali. Lakini haukuisha. Kioo bado kinacheza. Na hapo, wasee, ndipo nikatoa simu.

Sasa nitawaambia kitu kimoja kuhusu kutengeneza video. Ukishakuwa na hasira na una simu, unakuwa unasikiliza tu maneno yale yatakaa vizuri kwenye video. Fundi aliongea kama dakika tatu. Nikatumia sekunde nane. Zile sekunde nane anasema, "Mauntingi ndio hizo nimeweka, ni mpya." Basi. Zile zingine nitawaambia baadaye, kwa sababu hata mimi nilizisahau mpaka nikazitafuta kwenye simu.

Video ikaenda. Komenti zikaja kama siafu. Mafundi ni wezi. Mafundi wa Kericho ndio wabaya zaidi. Mmoja akasema anamjua huyo fundi kwa kuona tu kile kibanda, akaandika kiko wapi. Nikaweka kopa pale. Eeh, nikaweka kopa.

Wiki iliyofuata broka akaja nyumbani. Sijui nani alimwambia, pengine ni video. Mtu wa shati safi na viatu vya matope. Akawasha gari, akasikiliza kama daktari, akatingisha kichwa. "Injini imeisha, mama. Hii ni ya kung'oa tu. Nakupa laki moja na kumi." Mathe akanyamaza. Nilimjua, alikuwa anapiga hesabu: elfu tisa zimeenda, na injini ikiwa imeisha kweli, hata hiyo laki na kumi kesho itakuwa themanini. Broka akaongeza, "Nitakuja Jumapili na pesa taslimu."

Usiku mathe akaniambia, "Wewe acha aichukue. Kogo tutatafuta mtu wa kumbeba."

Nikamwomba anipe wiki moja. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa na aibu tu, kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nimetangaza kwa watu elfu arobaini na moja kwamba gari ya mama yangu ni mbovu.

Nikafanya vile sisi vijana tunafanya. Nikauliza mtandao. Na mtandao, ndugu zangu, una majibu mengi kuliko shida. Badilisha sensa ya oksijeni. Badilisha pampu ya petroli. Ni throto imechafuka. Ni plagi. Ni koili. Ni petroli chafu. Ni mwinuko, Kericho iko juu sana, mita elfu mbili hivi, hewa ni nyepesi. Huyo wa mwinuko alinifurahisha. Ni kweli hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Mombasa na gari inapoteza nguvu kiasi. Lakini gari imeishi Kericho miaka mingi, haijahama jana.

Rafiki yangu mmoja akaniletea mtu wa mashine ya kompyuta. Akataka elfu moja mia tano. Akachomeka, mashine ikakaa, ikakaa, ikasema haiongei na gari. Nikalipa nusu. Baadaye ndio nilijifunza kwamba hizi Toyota za Japani za miaka ya tisini zina lugha yao. Kuna kisanduku kidogo chini ya boneti, unaunganisha matundu mawili yameandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya, unawasha ufunguo bila kuwasha injini, na ile taa ya injini kwenye dashibodi inakonyeza. Ikikonyeza kwa mpangilio, unahesabu, hiyo ni namba ya kosa. Ikikonyeza haraka haraka bila kupumzika, kompyuta inasema haijaona shida. Yangu ilikonyeza haraka haraka. Haijaona shida! Na kioo kinacheza! Kumbe kompyuta ya gari ya umri huo haina njia ya kujua kama silinda moja haiwaki. Inaangalia sensa zake, sensa ziko sawa, yeye amelala.

Nikaosha throto pia. Ilikuwa chafu kweli, kaboni nyeusi kama sufuria ya kogo. Mngurumo ukawa afadhali kidogo, halafu jioni ukarudi vilevile. Siku tatu zimeenda.

Huyu mtu aliyetusaidia ni mzee jirani yetu. Alikuwa akitengeneza trekta za shamba la chai miaka mingi kabla ya kustaafu, sasa anafuga ng'ombe wawili na hapendi kelele. Sikumwendea kwa sababu nilidhani anajua trekta tu. Mathe ndiye alimwendea, na mursik kwenye chupa. Akaja saa moja usiku, tochi mkononi, manyunyu yameanza.

"Chamgei, mzee. Si tungengoja asubuhi?" nikasema. "Sasa ni giza."

"Giza ndiyo nataka."

Akaniambia niwashe gari na nizime taa zote, hata tochi. Tukasimama gizani, boneti wazi, injini inatetemeka. Akachukua ile chupa ya mathe ya kunyunyizia nguo maji akipiga pasi, akanyunyiza umande kidogo juu ya waya za plagi. Manze! Cheche ya bluu. Ndogo, nyembamba, inaruka kutoka kwa waya mmoja kwenda kwa chuma ya injini, tk, tk, tk. Nilishika simu kurekodi, akaniangalia, nikairudisha mfukoni.

"Umeona umeme unaenda wapi? Haushuki kwa plagi. Unatorokea njiani."

Halafu akazima injini, na sasa ikawa darasa. Hii 110 yangu ina distributa, waya nne nene zinatoka hapo, kila moja inaenda kwa plagi ya silinda yake. Akachomoa waya wa silinda ya kwanza, akauweka kwenye plagi ya zamani, hiyo plagi akailaza vizuri kwenye chuma ya injini, akaniambia niwashe. Gari ikawa mbaya zaidi, karibu izime. "Hii moja ilikuwa inafanya kazi," akasema. Zima. Rudisha. Ya pili, vivyo hivyo, ikawa mbaya. Zima. Rudisha. Ya tatu.

Ya tatu, hakuna kilichobadilika. Hata kidogo. Unaitoa, gari inatetemeka vilevile. Unairudisha, vilevile.

"Huyu ndiye amelala," mzee akasema. "Watu wanne wanabeba kitanda, mmoja ameachilia. Wewe ukanunua viatu vipya kwa wale watatu."

Anazima kila mara kabla ya kushika waya, hiyo nataka mjue. Umeme wa pale unaweza kufika makumi ya maelfu ya volti. Kuna mafundi wanachomoa gari ikiwa inanguruma, wanapigwa, wanacheka. Usiwaige. Na pia ukiacha waya unaning'inia bila mahali pa kwenda, unaweza kuua koili. Ndiyo maana ya ile plagi ya zamani.

Nikapiga hesabu baadaye kitandani. Injini ikiwa imesimama hivi inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Kila silinda inawaka mara moja kwa mizunguko miwili, yaani mara 350. Silinda nne, mara 1,400 kwa dakika, karibu 23 kila sekunde. Moja ikilala, kuna pengo karibu mara sita kila sekunde. Hizo ndizo zilikuwa zinachezesha kioo. Ukikanyaga mafuta, mapengo yanakimbia haraka mpaka hayasikiki, ndiyo maana tulidhani gari iko sawa barabarani. Haikuwa sawa. Kutoka Kapsoit kupanda kuja mjini ilikuwa inavuta kama imebeba mawe, sisi tukasema ni uzee.

Mzee akatoa ule mpira wa waya wa tatu. Kwenye hizi injini, plagi hazikai juu, ziko chini ndani ya mashimo marefu katikati ya kifuniko cha injini, na mpira wa waya unashuka mpaka huko. Ukatoka umelowa oili, unanuka. Akamulika ndani ya shimo. Oili. Chini yake matope ya rangi ya chungwa. Akafungua plagi, kichwa chake kimeota kutu, na upande wa chini umelowa petroli mbichi, kwa sababu silinda ilikuwa inapewa petroli na haiichomi.

Akasugua yale matope kati ya vidole.

"Oili najua inatoka wapi. Kuna raba za duara pale juu ya shimo, zimezeeka, oili inashuka polepole, hiyo ni ya miaka. Lakini hii kutu si ya oili. Hii ni maji." Akaniangalia. "Weri, mmeosha injini?"

Mathe akasema hapana, haijawahi kuoshwa.

Mimi nikanyamaza.

Mnakumbuka ile video ya mwezi wa nne? "Gari ya miaka ishirini na zaidi inakuwa mpya kwa dakika moja." Ile ya mashine ya maji ya presha, povu, halafu injini inang'aa kama sufuria ya harusi. Wengi mliipenda. Nilisimama hapo nikielekeza maji katikati kabisa ya injini, kwa sababu hapo ndipo kulikuwa na uchafu mwingi na ndipo palitoka vizuri kwa kamera. Sikufunika chochote. Wala distributa, wala waya. Maji yakaingia kwenye yale mashimo, yakakaa na oili, yakala waya uliokuwa tayari umechoka. Wiki mbili baadaye mathe akaanza kusema gari inatetemeka kuliko zamani. Zamani ilikuwa inatetemeka kidogo, hiyo ndiyo ilikuwa mauntingi.

"Ni mimi," nikasema.

Mzee hakusema kitu. Alifunga boneti. Mathe alisema neno moja kwa Kipsigis ambalo siwezi kuweka hapa.

Kutengeneza kulichukua nusu siku. Kwanza unakausha na kufyonza ile oili na matope kutoka kwa shimo kabla ya kufungua plagi zingine, la sivyo vinaangukia ndani ya silinda na hiyo ni shida nyingine kubwa. Halafu kifuniko kinatoka, gasketi yake inabadilishwa pamoja na zile raba nne za duara, zinauzwa seti moja. Waya za plagi nne mpya. Plagi nne mpya. Nilinunua vitu duka la spea mjini, nikatumia elfu saba mia mbili, na pesa ilitoka kwangu, si kwa mathe. Mzee alikataa malipo. Nilimpelekea chumvi ya ng'ombe.

Kuna mahali nilikosea, na naliweka hapa kwa sababu nyinyi pia mtakosea. Nilichomoa waya zote nne kwa mpigo bila kuweka alama. Kurudisha, nikarudisha kwa vile ilionekana ina maana: moja, mbili, tatu, nne. Gari ikapiga teke, ikatoa mlio kwenye ekzosi, kuku wakaruka ukuta. Silinda haziwaki kwa mpangilio wa kuhesabu. Hii injini inawaka moja, tatu, nne, mbili. Toa waya mmoja, weka mmoja, ama piga picha kwanza. Simu pia ina kazi nyingine zaidi ya kutukana watu.

Tukawasha. Sijui nieleze vipi. Nilidhani imezima. Niliangalia kioo, kimetulia, naona mlango wa boma nyuma yangu, na ng'ombe wa mzee akila mahali hapaswi. Chupa ya maji imenyamaza. Mathe aliweka mkono juu ya dashibodi na hakuondoa kwa muda mrefu.

Broka alikuja Jumapili na bahasha. Mathe akamwambia awashe gari. Akawasha, akasikiliza, akaongeza mpaka laki moja na themanini hapo hapo, bila aibu. Injini iliyokuwa imeisha! Mathe akamkaribisha chai na akamwonyesha njia.

Sasa maoni yangu, kwa sababu huu ni ukurasa wa maoni.

Sisi tunapenda kubadilisha vitu. Gari ina shida, tunauliza "ni spea gani," hatuulizi "ni kwa nini." Vipimo vyote vilivyopata shida ya gari yetu havikugharimu hata shilingi. Giza, chupa ya maji, plagi ya zamani, na mtu mwenye subira. Kubadilisha D na R huku mtu anaangalia, bure. Kusikiliza kama kuna mpira wa hewa unafyonza sss, bure. Na ukipima kwa mpangilio unajua unapokwenda: je, mtetemo unabadilika ukitoa gia na kuweka N? Hapo angalia mauntingi. Je, unakwenda kwa pengo, tuk-tuk-hakuna-tuk? Hapo kuna silinda imelala. Je, mngurumo unapanda na kushuka wenyewe kama mtu anapumua? Hapo angalia hewa na throto. Na kama umefanya yote na silinda bado imelala, ndipo unatafuta mtu wa kupima mgandamizo, na hapo ndipo unaweza kuanza kuogopa.

Lakini kuna upande mwingine, na huu hatuupendi. Wewe mwisho ulilini ulimlipa fundi kwa kufikiria? Mimi sijawahi. Fundi akikaa saa mbili akipima na kusema "ni waya wa mia sita," unamwambia asante na unampa mia moja ya chai. Akikaa dakika kumi na kukuuzia mauntingi mbili, unamlipa elfu mbili ya kazi na hulalamiki mpaka ufike nyumbani. Sasa wewe ungekuwa yeye, na mtoto amerudishwa karo, ungefanya gani? Tumewafundisha wenyewe kwamba pesa iko kwa spea, halafu tunashangaa wakituuzia spea. Mtu wa kompyuta nilimlipa mia saba na hamsini kwa mashine iliyokataa kuongea, bila kubishana sana, kwa sababu alikuwa na mashine. Fundi wangu alikuwa na macho na masikio tu, na hayo nilitaka bure.

Na sasa zile dakika tatu.

Nilirudi kwa simu usiku ule baada ya gari kupona. Video nzima bado ilikuwa humo, ile sijakata. Nikaiangalia yote. Dakika ya pili hivi, fundi anafuta mikono na kitambaa, anasema: "Mauntingi ya nyuma pia inaanza kuisha, lakini hiyo inaweza kungoja. Ila sikiliza hapa, kuna vile inamisi. Hii si mauntingi peke yake. Rudi Jumamosi tutoe plagi tuangalie, sitakulipisha." Na sauti yangu inajibu, nyuma ya kamera, "Sina wakati wa kurudi rudi."

Niliicheza mara tatu. Halafu nikafuta ile ya mtandaoni.

Kufuta haitoshi, najua. Watu elfu arobaini na moja hawakuja kuona nimefuta. Ndiyo maana naandika hii, na ndiyo maana Jumatano nilienda pale kibandani. Nilipita mara mbili kabla ya kusimama. Alikuwa chini ya pikapu, miguu tu ndiyo inaonekana. Kulikuwa na gari moja. Mwezi wa tano zilikuwa tano, nilizihesabu kwenye video yangu mwenyewe.

Nikasalimia. Miguu ikajua sauti.

"Ni wewe wa simu."

"Ni mimi, fundi."

Hakutoka. Nikaongea na miguu. Nikamwambia yote, silinda ya tatu, maji, mashine ya presha, na kwamba alikuwa ameniambia nirudi na nikakata. Nikasema samahani. Nikasema nimefuta na nitaandika. Ilikuwa kimya, unasikia tu spana inazunguka.

"Msichana wangu ako kidato cha tatu," akasema mwishowe. "Wenzake walimwonyesha hiyo video shuleni. Akaniuliza kama ni kweli."

Sikuwa na jibu. Bado sina.

Akatoka polepole, akakaa kwenye tairi, akaangalia gari yangu pale nje. Niliiacha ikinguruma. Akainamisha kichwa, akasikiliza kama dakika nzima.

"Sasa inawaka zote," akasema. "Lakini ya nyuma bado."

"Ya nyuma gani?"

"Mauntingi. Si nilikuambia inaanza?" Akachukua spana, akarudi chini ya pikapu. "Jumamosi kuja saa mbili, kabla mvua. Na simu uache nyumbani."